Mechi Haipo, Mpaka Kesho

Mjomba wangu hajawahi kupenda kuiangalia Yanga kwenye televisheni. Kwake, mtu anayejiita Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, halafu anakaa kibanda umiza msimu mzima hana tofauti na mtu wa kusimuliwa. Alifanya kazi reli miaka mingi, akastaafu, akabaki palepale Morogoro, na pensheni yake ina fungu la nauli ya mpira ambalo hata shangazi haligusi. Kwa hiyo Aprili 2024, usiku wa Jumamosi tarehe 20, tulipomfunga Simba 2-1 uwanja wa Mkapa, nilijua simu italia tu.

"Jumanne tunacheza ligi na JKT Tanzania kule Mbweni, Dar es Salaam. Unakwenda au huendi?"

Nilikwenda. Mwezi ule ulikuwa umetuanza kwa machungu. Tarehe 5 tulitolewa na Mamelodi Sundowns kwa penalti kule Pretoria, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, na ule mpira wa kiungo wetu Aziz Ki uliogonga mwamba, mimi kwa macho yangu uliangukia ndani. Kumfunga mtani kulitupoza, lakini kila mmoja wetu alitaka kuiona timu kwa karibu tena, tuwashangilie vijana walau tuwaambie asanteni. Niliomba ruhusa ya siku moja kazini, nikapewa kwa shingo upande.

Masika ya mwaka ule hayakuwa ya kawaida. El Nino ilianza kutunyeshea tangu vuli ya 2023. Desemba tope la Mlima Hanang lilishuka likaifunika Katesh na kuua watu, na Aprili ilipofika Rufiji na Kibiti zilikuwa chini ya maji. Mjomba anayajua maji. Mafuriko ya Kilosa mwishoni mwa 2009 yalipong'oa reli ya kati, yeye alikuwa bado kazini, na mpaka leo akiona mawingu upande wa milima ya Uluguru husimama kwanza akayatazama. Asubuhi ile aliyatazama, akafunga zipu ya koti, akapanda basi.

Treni ya umeme ilikuwa haijaanza kubeba abiria wakati huo, ingeanza Juni. Tulikwenda kwa barabara. Hadi Chalinze basi zima lilikuwa linaimba, kijani na njano viti vya mbele mpaka vya nyuma. Baada ya Chalinze mvua ikaongezeka, sauti zikapungua. Pale daraja la Ruvu maji yalikuwa yametanda bondeni, huwezi kuonyesha kwa kidole mto wenyewe unapita wapi. Dereva alikwenda taratibu na hakuna aliyemharakisha. Mlandizi foleni ya malori, Kibaha foleni nyingine. Mjomba alikuwa ameshika skafu yake mapajani, ameikunja vizuri, hataki iloe.

Tukashuka Mbezi, kituo cha Magufuli, tukachukua daladala za kuunganisha kupitia Goba na Madale. Kuna mahali konda alituambia tunyanyue miguu kwa sababu maji yalikuwa yanaingilia mlangoni. Tegeta tukajibanza kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi kusubiri bajaji, na hapo ndipo tulipokutana na kijana mmoja kavaa jezi ya msimu wa nyuma, suruali imekunjwa hadi magotini. Mjomba akamuuliza anatokea wapi.

"Muhoro, mzee wangu. Rufiji."

Mjomba akaguna. Kila mtu alikuwa ameshaziona picha za Muhoro.

"Nyumbani nimeacha maji yako dirishani," yule kijana akasema. "Mpunga wote umekwenda. Nipo hapa kwa kaka, lakini nikikaa ndani nawaza tu. Ndiyo nimeona nije mpirani."

Mjomba akamwambia pole mwanangu, kisha akamwambia bajaji ikija tunapanda wote, na nauli yako ipo.

Ilikuja, tukapanda. Hatukufika mbali. Tulianza kukutana na watu wanarudi, wawili, watatu, halafu kundi zima, jezi zimegandana na miili, wengine wamevua viatu wamevishika mkononi. Mmoja akatupigia kelele kutoka upande wa pili wa barabara: "Geuzeni! Mechi haipo, mpaka kesho!"

Dereva wa bajaji akazima injini. Mtu mwingine akasogea akatuonyesha picha kwenye simu: uwanja wa Meja Jenerali Isamuhyo, maji yamesimama juu ya majani.

Nataka nieleweke hapa. Sikuwa na ugomvi na uamuzi ule na sina hadi leo. Sheria za mpira zinampa refa mamlaka ya kusema hapa hapachezeki, na namna ya kujua si siri. Unaudondosha mpira sehemu mbalimbali za uwanja. Usipodunda, au ukiusukuma ukakwama kwenye maji, hakuna mpira hapo, kuna kubahatisha na kuvunjana magoti. Mjomba mwenyewe aliiangalia ile picha, akairudisha simu kwa mwenyewe na kusema, "Hawa watoto wana miguu ya kutunza. Sawa."

Kilichoniuma ni lile neno kesho. Kwa timu, kesho ni jambo jepesi: basi linarudi kambini, wachezaji wanakula, wanalala, wanakuja tena. Mkazi wa Tegeta anaingia ndani kwake anabadili nguo. Lakini pale barabarani tulikuwa na mama mmoja mtu mzima aliyetoka Bagamoyo, kaacha genge lake kwa jirani kwa makubaliano kwamba jioni amerudi. Kulikuwa na vijana waliochangishana nauli ya kuja na kurudi, basi, hakuna shilingi ya gesti wala ya sahani ya wali. Walisimama wanapiga hesabu huku mvua inawanyeshea. Mmoja alikuwa anapendekeza walale kituo cha mabasi, mwingine akamjibu kwamba hata hapo wakilala, kesho kiingilio watatoa wapi. Hakuna aliyekuwa na jibu. Wale vijana waliondoka bila kuiona timu yao, na sitasahau walivyokuwa wamenyamaza.

Shabiki wa mkoani ndiye anayeshikilia ligi hii, nasema bila kupepesa. Ndiye anayejaza Sokoine Mbeya na Kaitaba Bukoba, ndiye anayesafiri usiku kwa ajili ya dakika tisini. Mvua haina mwenyewe wa kumlaumu. Ila masika tunaijua, inakuja kila mwaka Machi hadi Mei, na ukanda wa pwani unajulikana unavyoshika maji. Kipindi hicho uwanja wa nyasi za kawaida ungekaguliwa alfajiri, taarifa itoke mapema, mabasi ya Morogoro na Tanga yakiwa bado hayajawasha injini, mtu angejua aende au asubiri. Na mifereji ya kutolea maji chini ya nyasi ipewe uzito uleule tunaoupa rangi ya majukwaa. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunazungumza barabarani, wazee kwa vijana, na sijabadili mawazo.

Binamu yangu, binti wa Mjomba, anaishi Boko. Tukamwendea. Ua wake ulikuwa dimbwi, vitanda vya watoto vimenyanyuliwa kwa matofali, lakini alitupokea, akatukaushia nguo jikoni, akapika ugali na dagaa. Mimi nilikuwa na kazi asubuhi. Mjomba akaniuliza mara moja tu kama siwezi kubaki, nikamwambia ruhusa imekwisha.

"Basi nenda, mwanangu. Mimi nitaangalia kwa niaba yako."

Nikaondoka usiku na basi la kwenda Dodoma lililokuwa na nafasi, nikashuka stendi ya Msamvu, Morogoro, kabla ya mapambazuko nimelowa tena.

Jumatano mechi ikachezwa. Niliisikiliza redioni dukani huku nahudumia wateja, sauti inakuja na kupotea. Ikaisha 0-0. Nikampigia Mjomba, akachukua muda kupokea kwa sababu ya makelele.

"Wamepambana," akasema. "Usije ukawasema vibaya huko kijiweni, hukuwepo."

Sikuwasema.

Alhamisi, Waziri Mkuu Majaliwa akasimama bungeni Dodoma akatoa hesabu ya mvua zile: watu 155 wamekufa, 236 wamejeruhiwa, zaidi ya watu 200,000 wameathirika. Nilimfikiria yule kijana wa Muhoro. Alishuka kwenye bajaji palepale tulipogeuzia, akatushika mikono, akakata kona na sisi hatukuwa tumechukua hata namba yake. Mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya, barabara ya kusini ikakatika upande wa Somanga, na watu wa Lindi na Mtwara wakakwama pande zote mbili.

Halafu Mei 13 ligi ikatufuata mkoani kwetu. Yanga walikuja Manungu, Turiani, kucheza na Mtibwa Sugar, na ushindi ungewapa ubingwa. Mjomba alinipitia asubuhi na mapema, ameshatafuta mtu wa gari na ameshalipa viti. Tukashinda 3-1, ubingwa wa 30, na Mjomba akakumbatiana na watu asiowajua hadi kofia ikapotea. Njiani kurudi, kabla hata hatujafika lami kubwa, alikuwa ameshaniwekea mkono begani anauliza habari ya nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na Ihefu kule Arusha, nauli ni kiasi gani siku hizi, na watu wa hali ya hewa wamesema nini kuhusu wikiendi.