Nimeangalia Ouija, nikaishia kucheka

Jana usiku mdogo wangu kaning'ang'aniza tuangalie Ouija, ile sinema ya kutisha ya 2014. Tukazima taa, bisi mkononi. Haikupita nusu saa nikaanza kumtajia nani anafuata kufa. Akanuna: "Dada, kama ulishaiona si ungesema!"

Sijawahi kuiona, wallahi. Ila nimeziona nyingine kumi za aina hiyo. Msichana anakufa kifo cha utata, rafiki yake anakusanya wenzake waite roho yake kwa Ouija, kibao cha herufi cha kuitia wafu, anayeitika siye. Wazazi? Hawapo. Swichi ya taa iko pale ukutani, lakini mtu anaingia gizani akiita "Hello?" Kisha kimya, kimya, halafu paa! Kumbe ni rafiki tu. Mara ya tatu hata moyo haushtuki tena.

Wahakiki waliiponda vibaya, na mimi nipo upande wao. Lakini sinema iligharimu kama dola milioni 5 na kuingiza zaidi ya milioni 100, kwa hiyo sijui nani mjinga hapo.

Kinachonishangaza ni ile ya 2016, Ouija: Origin of Evil, ya mwongozaji Mike Flanagan. Kibao kilekile, ila mama mjane na binti zake wawili, Los Angeles ya 1967, unawajali kabla hawajaanza kuteseka. Hiyo wahakiki waliisifu, na walikuwa sahihi.

Mdogo wangu kasema ya jana ni kali sana. Kalala na taa imewashwa, na bili ya umeme nalipa mimi.