Riwaya za marafiki wanaoishia kupendana, na kwa nini Emma ya Jane Austen ndo namba moja kwangu

Kama kuna riwaya ya mapenzi inayoweza kunikesha basi ni ile ya marafiki wanaokuja kupendana. Za kukutana eapoti macho yakagongana nasoma pia, za bosi na sekretari wake nasoma, ila wiki ikipita hata jina la mhusika silikumbuki. Lakini wakiwa wawili wanaojuana kitambo, wameshasutana, wameshanuniana wakapatana, kila mmoja anajua mwenzake akikasirika anakuaje na akidanganya anaangalia wapi, halafu taratibu bila wao wenyewe kutaka moyo unaanza kwenda upande mwingine, hapo mimi simu siiweki chini hadi chaji iishe.

Shoga yangu ninayebadilishana naye vitabu huwa ananiuliza raha iko wapi wakati toka kurasa za mwanzo unajua hawa wataoana. Raha iko kwenye ile hofu. Ukimpenda mtu mgeni akakukataa unaumia, unalia, unampigia rafiki yako anakubembeleza yanaisha. Sasa ukimpenda huyo huyo rafiki, akikukataa unampigia nani? Ndo maana watu wa kwenye hizi riwaya wanakaa kimya miaka na miaka, na mi siwaiti waoga, maana kitu kizuri wanacho tayari mkononi na wakifungua mdomo kinaweza kupotea chote. Mwandishi akiielewa hiyo hofu kitabu kinanoga. Asipoielewa anatuletea mbwembwe, mara msichana kavua miwani kaenda saluni ndo jamaa anamwona leo, mara kuna mchumba kafanywa katili kupitiliza ili tusimwonee huruma akiachwa. Hizo huwa nazifunga katikati.

Shida nyingine ni muda. Urafiki haujengeki kwenye kurasa tatu, huwezi kuniambia tu “walikuwa marafiki toka utotoni” nikakuamini, lazima nione. Waandishi wa siku hizi wana mbinu zao. David Nicholls kwenye One Day ya mwaka 2009 anawachukua Emma (si yule wa Austen) na Dexter siku wanayomaliza chuo Edinburgh, 15 Julai 1988, halafu kila mwaka anatuonyesha tarehe hiyo hiyo tu, miaka ishirini, na wewe unajaza mwenyewe yaliyopita katikati (mwisho wake siusemi ila kaa na kitambaa karibu). Cecelia Ahern naye kwenye Where Rainbows End ya 2004 kaandika kitabu kizima kwa barua, imeili na meseji za kuchati, Rosie na Alex toka wako watoto Dublin wanapishana tu, huyu akiwa tayari yule ana mtu, yule akiachwa huyu kashaoa, hadi wanakuwa watu wazima kabisa, yaani ngoja ngoja huumiza matumbo. Halafu kuna Emily Henry, People We Meet on Vacation ya 2021, Poppy na Alex wanaosafiri pamoja kila likizo, sura moja ya sasa, sura nyingine inarudi miaka ya nyuma, na kuna safari moja ambayo baada yake walinyamaziana miaka miwili na mwandishi anakucheleweshea sababu. Nimezipenda zote kwa viwango tofauti. Ila zinazonikaa moyoni ni za zamani.

Chukua Anne wa L. M. Montgomery, yule yatima mwenye nywele nyekundu wa kisiwa cha Prince Edward kule Kanada. Kitabu cha kwanza, Anne of Green Gables cha 1908, wengi wanakijua, Gilbert anamvuta nywele darasani anamwita Karoti, Anne anampasulia kibao cha kuandikia kichwani, wananuniana miaka hadi mwisho wa kitabu ndo wanapatana. Watu wengi wanaishia hapo. Sasa mapenzi yenyewe yako kwenye cha tatu, Anne of the Island, cha 1915, wako chuo, wamekuwa marafiki wa kweli, Gilbert anamwambia anampenda na Anne anamkatalia palepale, anamjali ndiyo lakini kama rafiki. Kwa nini? Kwa sababu kichwani anayo picha ya mwanaume wake toka mdogo, mrefu, mweusi wa nywele, mwenye huzuni machoni. Na kweli huyo mtu anakuja, anaitwa Roy Gardner, anatokea na mwavuli wakati Anne kanyeshewa, tajiri, anaandika mashairi, kila kitu kama alivyoagiza. Wanakuwa pamoja karibu miaka miwili, na siku Roy anapoomba ndoa Anne anajikuta neno ndiyo halitoki.

Halafu anarudi nyumbani anaambiwa Gilbert ana homa ya matumbo na anakufa. Usiku ule anakesha dirishani, nje kuna dhoruba, hawezi hata kwenda kwao maana hana haki yoyote, yeye si mchumba wake. Asubuhi anamsikia kijana wa kazi, Pacifique, anakuja njiani anapiga mluzi, na miguu inamwishia nguvu. Anamuuliza habari ya Gilbert. Anaambiwa kapata nafuu, usiku uleule hali iligeuka. Na kinachonigusa ni kwamba Montgomery hakumbadilisha Gilbert hata kidogo, hakumpa mali wala sura mpya, ni yule yule aliyekataliwa, iliyoondoka ni ile picha kichwani mwa Anne.

Na hapa lazima niseme kuhusu Jo na Laurie maana najua kuna watu bado wana hasira. Little Women ya Louisa May Alcott, sehemu ya kwanza ilitoka Marekani 1868, ya pili 1869, na kati ya hizo mbili mabinti walioisoma waliandika barua kumuuliza Alcott dada wa kwenye hadithi, Jo akiwemo, wataolewa na nani, wengi wakimtaka Jo aolewe na Laurie jirani yao, rafiki yake wa michezo yote na vituko vyote. Alcott akaandika kwenye daftari lake kwamba hatamwozesha Jo kwa Laurie kumfurahisha mtu yeyote. Na hakumwozesha. Laurie anamaliza chuo anakuja kumwambia yote, na Jo ambaye alishahisi na akajaribu hadi kuhamia New York kumkwepa, anamwambia nimejaribu, siwezi, na wote wawili ni wakali na wabishi tungeuana. Laurie analia, anabembeleza, anaapa hatapenda mwingine. Jo hatetereki.

Mi naona Alcott alikuwa sahihi, na sisemi hivi kwa kupenda kubishana, niliumia pia nilipoisoma mara ya kwanza. Lakini kama kwenye hizi hadithi rafiki hawezi kusema hapana basi ile ndiyo nayo haina uzito. Siku hizi mtandaoni watu wanaongelea frendizoni (kumpenda rafiki ukaishia kubaki rafiki tu) kama vile mtu kapanga foleni benki miaka mitano na dirisha likafungwa zamu yake ilipofika. Jo hakuwa na deni. Alimpa Laurie urafiki wote, na Laurie baadaye akamwoa Amy mdogo wake Jo na wakabaki familia moja. Hiyo nayo ni hadithi ya marafiki na mapenzi, na inatakiwa ihesabiwe humo.

Haya, Emma sasa. Jane Austen, ilitoka Desemba 1815. Emma Woodhouse ana karibu miaka 21, mzuri, tajiri, mama yake kafariki, anaishi na baba mzee kwenye kijiji cha Highbury, na anajiona mshenga wa watu wote ingawa hakuna aliyemtuma. Bwana Knightley ni kaka wa mume wa dada yake, huku kwetu angemwita shemeji na watu wangeshazoea kumwona anaingia na kutoka. Anaishi karibu, anakuja kwa miguu, anakaa na baba mtu wanaongea. Na toka sura ya kwanza Austen anatuambia kwamba katika wachache wanaoona kasoro za Emma, huyu ndo pekee anayethubutu kumwambia mwenyewe. Umri unanisumbua, nikiri hilo waziwazi, jamaa ana 37 au 38 na amemjua toka mtoto, na kuna sentensi moja mwishoni anatania kuhusu kumpenda toka akiwa na miaka 13 ambayo mi kila nikifika naiona nzito kumeza. Lakini urafiki wenyewe umeandikwa vizuri hadi natetemeka.

Angalia sura ya 43, pikiniki kule Box Hill. Kuna mchezo wanacheza, kila mtu aseme kitu kimoja cha akili sana, au viwili vya wastani, au vitatu vya kipuuzi. Miss Bates, mwanamke mzima asiye na mume, maskini, muongeaji, roho safi kabisa, anacheka anasema basi mimi nikifungua mdomo tu vitatu vya kipuuzi vishatoka. Na Emma, mbele ya watu wote, anamjibu kwamba tatizo litakuwa idadi, maana leo utaruhusiwa vitatu tu. Miss Bates haelewi mara moja. Halafu anaelewa, anaona haya, anasema taratibu lazima nawachosha sana, la sivyo asingemwambia hivyo rafiki wa siku nyingi.

Knightley hasemi kitu pale. Anasubiri hadi Emma yuko peke yake anangoja gari la farasi, anamwendea, anamwambia ilikuwa vibaya sana ulichofanya. Angekuwa tajiri mwenzio ningenyamaza, lakini huyu ni maskini, kashuka kutoka maisha aliyozaliwa nayo na akiishi hadi uzee atazidi kushuka, na wewe umemcheka mbele ya wanaokuiga. Emma anajaribu kulifanya jambo la kuchekesha, haliwi. Anapanda gari analia karibu njia nzima kurudi. Asubuhi yake mapema anakwenda mwenyewe kwa Miss Bates, na Knightley akisikia tu kwamba alikwenda anamshika mkono, anaubana, anataka kuupeleka mdomoni aubusu, halafu ghafla anauachia. Basi. Ndo hivyo tu! Mi nimesoma vitabu vyenye kurasa kumi za kitandani ambavyo havina joto la ule mkono ulioachiwa.

Na kabla ya hapo kulikuwa na dansi, sura ya 38, bwana Elton, mchungaji wa kijiji, kakataa makusudi kucheza na Harriet, rafiki yake Emma, binti asiye na wazazi wa kujulikana, binti wa watu kaaibika amekaa peke yake, na Knightley ambaye hachezi kamwe anainuka anamchukua. Emma anamtazama toka upande wa pili wa ukumbi. Baadaye wanakubaliana kucheza wao, na Emma anasema si kwamba sisi ni kaka na dada kiasi cha kuwa vibaya. Knightley anajibu, kaka na dada? Hapana kabisa. Kila msichana wa huku aliyewahi kusema “huyu ni kama kaka yangu tu” akasikia mwenyewe sauti yake ikitetereka ataielewa hiyo sentensi.

Emma mwenyewe anajua lini? Siku Harriet anapomwambia anampenda Knightley na anahisi anapendwa. Inampiga kama mshale, kwamba Knightley hatakiwi kumwoa mtu yeyote isipokuwa yeye. Kumbe mtu alikuwepo muda wote na alichukuliwa ni wa kudumu. Knightley yuko London wakati huo, kaenda kwa mdogo wake ili ajifunze kumsahau, lakini kule dada yake Emma anafanana mno na Emma, na furaha ya ile nyumba inazidi kumuumiza, basi anarudi kwa farasi kwenye mvua. Wanakutana bustanini. Emma anadhani anataka kumwambia habari ya Harriet, anamzuia asiseme. Halafu anaona kamuumiza, anajikaza, anamwambia sema chochote unachotaka, nitakusikiliza kama rafiki. Na Knightley analirudia, kama rafiki! Neno lenyewe linamtisha. Kisha anamwambia kwamba angempenda kidogo angeweza kuongea zaidi, na kwamba yeye amemlaumu na kumsema na Emma kavumilia kuliko mwanamke mwingine yeyote Uingereza angevumilia. Yaani tamko la mapenzi la mtu aliyekugombeza miaka yote, na ule ugomvi ndo unaofanya umwamini.

Vitabu vya Austen, Alcott na huyu Anne viko bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg, unavishusha kwenye simu tu. Ukianza Emma usikate tamaa kwenye sura za mwanzo, zina watu wengi na chai nyingi, Austen anakupitisha mbele ya Knightley mara mia usimwone, kama Emma asivyomwona.

Na usiache kusoma baada ya bustanini. Maana bado kuna baba, mzee wa uji mwepesi na kuogopa upepo, anayeona harusi ni msiba, na Emma hawezi kumwacha. Kwa desturi ya wakati ule mwanamke anahamia kwa mumewe, na Knightley ana jumba kubwa na mashamba. Anaamua mwenyewe kuhamia kwa baba mkwe. Emma hakumwomba, ila jamaa amekaa kwenye ile sebule miaka mingi vya kutosha kujua hakuna njia nyingine. Mzee bado anagoma, hadi wezi wanaiba bata mzinga wote wa jirani, anaanza kuogopa usiku, ndo anaona afadhali kuwe na mwanaume mwingine ndani ya nyumba.