Unyoya Puani mwa Jivu

Ushahidi ulikuwa mmoja tu: unyoya mweusi ulionata kwenye pua ya mbwa. Kwangu, asubuhi ile, ulitosha kabisa.

Yalikuwa majira ya pili ya majani kupukutika tangu tuanze kufuga kuku. Tulikuwa na mitetea 6 tuliowalea tangu vifaranga, na kwa hesabu yangu walikuwa wametimiza miezi 18. Nilitoka mapema na kikapu mkononi kuwahi nyanya, kwa sababu usiku wake jalidi, ile baridi inayogandisha umande, ilitazamiwa. Jalidi haijui huruma kwa nyanya. Jani likipigwa usiku, kukicha limekuwa jeusi na kulegea kama lililomwagiwa maji ya moto. Lakini nyanya ukizichuma zingali kijani, ukazifungia ndani pamoja na moja iliyokwisha kuiva, zinaivishana zenyewe. Karoti sikuwa na haraka nazo, baridi kidogo huziongezea utamu. Na maboga yalikuwa yamejilalia chini ya majani yao yaliyokwisha kuchakaa.

Kwenye nyanya sikufika. Bandani kulikuwa na manyoya kila mahali. Si mawili matatu, lundo, kama vile mtu kapasua mto wa kulalia akaukung'uta. Mengine yamenasa kwenye wavu, mengine yanapeperuka uani pamoja na majani makavu. Nikahesabu kuku: watano. Nikahesabu tena, maana mtu akishikwa na hofu hajiamini hata katika kuhesabu mpaka 6. Watano. Aliyekosekana alikuwa Shangazi.

Jina hilo alilipata kwa mwendo wake. Alikuwa mweusi, mnene, na popote alipoingia aliingia kama mtu aliyekuja kukagua iwapo masufuria yameoshwa vizuri. Mayai makubwa kuliko yote yalikuwa yake. Kwa wiki mbili hivi nilikuwa siyaoni, nikadhani anayaficha mahali.

Jivu akaja akitikisa mkia, na ule unyoya puani. Alikuwa na kesi ya zamani: miezi michache nyuma, akiwa bado mtoto, alimkimbiza Shangazi bustani nzima na kunivunjia nusu ya miche ya kabichi. Nikamfokea maneno ambayo hapa siyarudii, nikamfungia katika stoo ya majembe. Hakubweka. Alijikunyata tu, masikio chini, akinichungulia kwenye upenyo wa mlango, nami nikajiambia, tazama, anajua alichokifanya. (Mbwa akikaripiwa hujikunyata vilevile, awe na kosa au asiwe nalo. Hilo nilikuja kulijua baadaye sana.)

Jirani yangu, mama mtu mzima aliyeanza kufuga kuku mimi sijazaliwa, alisikia kelele akasogea kwenye ua.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Mbwa kala kuku, mama."

"Damu umeiona?"

Nikageuka kutazama. Manyoya tele, damu hata tone.

"Haipo."

"Mbwa gani huyo, anakula kuku halafu anapiga deki?"

Akaniambia nimtafute, kwamba kajificha tu. Nikatafuta nyuma ya stoo, ndani ya lundo la mboji, chini ya toroli. Paka wetu, ambaye kwa kawaida hana habari na mtu, alikuwa juu ya kigogo tangu asubuhi, macho kayakodoa kwenye maboga. Nilimpita mara tatu bila kujiuliza anatazama nini.

Ilikuwa karibu adhuhuri nilipoinua majani ya boga la mwisho. Shangazi huyo hapo, mzima, kajibanza. Kwanza nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka. Shingo tupu. Mkia hakuna. Mgongoni ngozi imejaa vichipukizi vyenye ncha kama sindano za kushonea. Nikamnyakua nimkumbatie, akapiga ukelele nikadhani nimemvunja.

"Mwache!" mama akaita kutoka uani kwake. "Manyoya machanga yana damu ndani. Ukiyabana yanamuuma."

Akanieleza, huku akiendelea kufagia majani yake. Kuku akishavuka mwaka wa kwanza, siku zinapofupika na mwanga kupungua, anavua nguo kuukuu na kushona mpya. Manyoya ni protini karibu yote, kwa hiyo hana cha kugawa: ama ashone, ama atage. Wengine hupukutika kidogo kidogo hata usione, wengine hujimwaga kwa siku chache. Na wenzake wakiona ngozi tupu, wanaidonoa. Ndiyo maana Shangazi alitoroka, akipita penye uwazi chini ya wavu ambao nilikuwa najiahidi kuuziba tangu msimu wa joto.

Unyoya puani? Uani kulikuwa na mamia yake, na Jivu hajawahi kuona kitu asikinuse.

Nilimfungulia. Akatoka, akajinyoosha, akaenda kukojoa kwenye kigogo cha paka. Basi.

Nyanya nilizikumbuka usiku, nikazichuma kwa tochi, vidole vimekufa ganzi, naye kanifuata mstari hadi mstari kama kwamba hakuna lililotokea. Tuliporudi ndani, nikatoa yai kwenye kikapu, moja kati ya machache yaliyobaki, nikalivunja kwenye bakuli lake. Ndiyo radhi niliyoweza kuomba. Alilamba bakuli mpaka likasogea ukutani.

Shangazi alivaa upya, mweusi wa kung'aa, kisha akakaa miezi bila kutaga. Siku zilipoanza kurefuka nilimsikia akitetea bandani, nikakimbia kulipokea yai la kwanza. Nilikuta kiota kina joto, hakina kitu. Jivu alikuwa amesimama mlangoni, na safari hii puani hakukuwa na unyoya, kulikuwa na kiini cha yai.