Kutoka Same mpaka Liberty, Mississippi

Mi ni mtoto wa Same, Kilimanjaro, pale basi za Arusha zinaposimama abiria wachimbe dawa, upepo unawapiga na Milima ya Upare iko pembeni. Nimekulia pale na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba Bob Moses, yule Mmarekani mweusi aliyepigania haki za weusi kule Mississippi, alifundisha hesabu kwenye mji wetu. Nimekuja kujua nikiwa huku Marekani, Julai 2021 alipofariki akiwa na miaka 86, nasoma habari zake nakutana na neno Same, macho yakalipita nikadhani ni lile neno la Kiingereza, ikabidi nirudie. Alikuja na mke wake Janet mwaka 1969, alikuwa amekataa kwenda vita ya Vietnam, wakakaa mpaka 1976. Watoto wao wengine wanaitwa Maisha, Tabasamu na Malaika.

Tangu siku hiyo nilitaka nifike kule alikoanzia harakati zake, Mississippi.

Basi juzi kati nikapata likizo, nikaenda Jackson, mji mkuu wa Mississippi, rafiki yangu akanichukua na gari lake tukashuka barabara ya I-55 kuelekea kusini. Kama saa moja na kitu misonobari tu kulia kushoto. McComb ni mji mdogo wa reli. Hapo ndo Moses, kijana wa Harlem aliyesoma falsafa Harvard, alifika 1961 kusaidia watu weusi wajiandikishe kupiga kura. Hakuja kuhutubia. Ella Baker, mama mwanaharakati, alishawafundisha vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi wa harakati ambacho Moses alikuwemo, kwamba wenyeji ndo waongoze, kwa hiyo jamaa alikaa barazani kwa watu akasikiliza. Oktoba mwaka huohuo wanafunzi wa sekondari ya Burglund wakaandamana, wengi wakakataliwa shule, Moses na wenzake wakawafungulia darasa lao na yeye akashika hesabu. Hapo nikaelewa kuwa hesabu haikuanzia Same.

Kutoka McComb mpaka Liberty ni kama kilomita 40, unakata magharibi. Liberty maana yake uhuru, na mimi nilikuwa nalitafsiri kichwani kila tulipopita kibao. Mahakama bado ipo katikati ya mji, ya matofali, ya zamani sana. Ilikuwa ukitaka kuandikishwa unaingia humo, karani anakuchagulia kifungu cha katiba ya Mississippi, ina vifungu zaidi ya 280, unakieleza halafu yeye peke yake ndo anaamua kama umepata. Tarehe 29 Agosti 1961 Moses alikuwa anawasindikiza watu wawili kwenda humo, akapigwa kichwani damu ikamwagika, akainuka akaendelea na safari yao mpaka mlangoni. Nimesimama pale nikaangalia huo umbali, ni hatua chache tu jamani, lakini mimi sijui kama ningezitembea.

Na kuna Herbert Lee. Mkulima, baba wa watoto tisa, alikuwa anamzungusha Moses vijijini na gari lake. Septemba 25 akapigwa risasi mchana kweupe kwenye kinu cha pamba hapohapo Liberty, aliyempiga ni E. H. Hurst, mbunge wa jimbo, na hakufungwa. Louis Allen aliyeshuhudia naye akauawa Januari 1964. Kwenye mazishi ya Lee mjane wake alimwendea Moses akamwambia nyie ndo mmemuua mume wangu. Hilo ndo lilinikaa kifuani kuliko vyote, maana Moses hakulificha, alikuwa analisimulia mwenyewe.

Tukarudi jioni. Mwaka 1982 Moses alianzisha Algebra Project, mradi wa kuwafundisha watoto aljebra, anawapandisha watoto treni, wakirudi wanachora mstari wa namba, kituo kimoja ni sifuri, huku chanya huku hasi. Alisema mtoto wa maskini asiyejua aljebra leo ni kama mtu mweusi asiye na kura enzi zile. Baadaye akarudi Jackson kufundisha sekondari ya Lanier. Sasa nami nikachukua daftari mle ndani ya gari, McComb nikaiweka sifuri, Liberty arobaini, Jackson upande wa hasi. Usiku nikampigia mama Same, akaniuliza huyo mwalimu alikaa mtaa gani hapa kwetu, akasema kesho ataulizia kwa wazee.