Vifaranga wa sato na maji baridi ya mfongo

Wafugaji wengi wa samaki kwenye miteremko ya Kilimanjaro hujaza mabwawa yao kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wa asili unaoteremsha maji ya mto wa mlimani, na kila msimu wa baridi ukiingia, Juni hadi Agosti, malalamiko huwa yale yale: vifaranga wa sato hawakui, chakula kinaelea bila kuguswa, na baadhi yao wanaota ukungu mweupe mapezini. Lawama humwangukia muuza vifaranga. Mimi huomba kwanza kipimajoto.

Sato hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Maji yakishuka chini ya 20 huacha kuzaliana, yakikaribia 16 huacha kula, na yakifika 10 au 12 hufa. Kwa kuwa joto la mwili wake hufuata la maji, kila nyuzi 10 zinazopungua hupunguza kasi ya shughuli za kikemia mwilini hadi kama nusu. Moyo hupiga polepole, vimeng'enya vya kusaga chakula huzembea, na kilicholiwa hukaa tumboni muda mrefu. Kifaranga huathirika zaidi kwa sababu mwili wake mdogo hupoa pamoja na maji papo hapo, na akiba yake ya mafuta ni haba.

Asubuhi za Julai hapa Moshi mafuta ya nazi huganda kwenye chupa, na mafuta yanayojenga utando wa seli za samaki nayo hukakamaa kwa namna inayofanana na hiyo. Samaki anaweza kuyabadilisha, akiongeza aina isiyoganda upesi, lakini kazi hiyo huchukua siku nyingi, ilhali mfongo uliofunguliwa usiku hupoza bwawa dogo kabla hapajakucha.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi sana. Damu ya samaki wa maji yasiyo na chumvi, yaani ya mito na maziwa, ina chumvi kuliko maji anamoishi, kwa hiyo chumvi humvuja saa zote na matamvua hufanya kazi ya kuirudisha. Baridi huidhoofisha kazi hiyo, na kinga ya mwili hushuka pamoja nayo. Ndipo ukungu unapopata nafasi. Kwa maoni yangu, kutibu ukungu huku maji ya baridi yakiendelea kuingia ni kupoteza fedha.

Samaki aina ya trauti, walioletwa kwenye mito ya mlimani enzi za ukoloni, hustawi katika maji hayo hayo yanayomlemaza sato, kwani vimeng'enya vyao vimeumbwa kwa baridi, na maji baridi hubeba oksijeni nyingi wanayoihitaji.

Anayefuga sato Machame au Marangu afungue mfongo mchana, tena kidogo kidogo, apime joto alfajiri na alasiri, na chakula akitoe alasiri, bwawa likiwa limeota jua. Siku ambayo kipimajoto kinasoma 17 mchana kutwa, asilishe kabisa. Chakula kisicholiwa huoza chini na kuzalisha amonia, ambayo ni sumu kwa samaki.