Kamati ya Ubelgiji

"Baba, Ubelgiji kulikuwa na baridi?"

Binti yangu kaniuliza hivyo juzi mezani, tonge liko mkononi. Na mtoto ana haki zake, toka ameanza kutambua maneno anasikia watu kijiweni wananiita Mbelgiji, mama muuza nyanya ananiita Mbelgiji, hata fundi baiskeli ambaye sijawahi kumpelekea baiskeli, sasa kwa akili yake baba lazima alikaa huko miaka. Mama yake akageukia dirishani, mabega yanatikisika kwa kicheko. Nikasema kula kwanza, ugali unapoa. Halafu usiku usingizi ukagoma, nikabaki na ile 2018 kichwani.

Mimi ni mpiga klarineti, ile ala nyeusi ya kupuliza, alinifundisha mzee wangu wa bendi ya polisi na akaniachia ile yake ya Kifaransa kabla hajaenda. Kilichonitia wazimu ni simu. Nilikuwa nimegundua kwamba kuna chama cha dunia nzima cha wapiga klarineti, International Clarinet Association, na kila mwaka wanakutana, wanauita mkutano wao ClarinetFest, unahamahama tu, 2017 ulikuwa Orlando kule Marekani na 2018 ukapangwa Ostend, mji wa pwani Ubelgiji, mwanzoni mwa Julai. Nikamwambia jamaa mmoja wa bendi, ilikuwa siri kabisa, yeye akamwambia dada yake, na hapa Tabora dada wa mtu akishajua jambo basi jambo hilo linaundiwa kamati.

Ikaundwa kweli. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kundi la WhatsApp, daftari la ahadi. Kadi za mchango zikachapwa pale stationari ya karibu na stendi, sasa yule kijana alikuwa na muundo wa kadi za harusi peke yake, akafuta majina ya bwana na bibi akaandika "Safari ya Ostend" lakini maua yakabaki na zile pete mbili zikabaki, kwa hiyo kuna watu mjini hapa mpaka leo wanajua walinichangia nioe Mzungu.

Ila kikao ninachokikumbuka ni kile cha Isevya hapa mjini, Jumamosi jioni, chini ya mwembe, viti vya plastiki vya kuazima. Katibu akasimama kusoma bajeti. Treni mpaka Dar, huko ni zaidi ya kilomita 800 lakini kwa nauli ya daraja la tatu hakuna aliyeguna. Pasipoti, zile mpya za kielektroniki zilizozinduliwa Januari ya mwaka huohuo, Sh 150,000, wakaguna kidogo. Viza euro 60. Tiketi ya ndege, hapo kukawa kimya cha heshima. Halafu katibu, Mungu amsamehe, akasoma moja kwa moja bila kupumua: "Bima ya safari, euro elfu thelathini."

Shangazi akasimama. "Elfu thelathini za nini?"

"Za bima, shangazi."

"Kwa shilingi ni ngapi?"

Mtu akapiga hesabu kwenye simu, akaitaja, zaidi ya milioni themanini, na nikaona kabisa watu wawili watatu wanaanza kutafuta ndala zao. Ikabidi nisimame mimi niwaeleze kwamba hiyo siyo bei, hicho ni kiwango ambacho bima yenyewe lazima iweze kulipa ukiugua au ukifia kule, wenye viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, ndio wanavyotaka, sisi tunalipia kikaratasi tu cha siku chache na hakifiki hata laki mbili. Shangazi akakaa lakini nusu nusu. Akasema haya, tufanye umefika. Wakishakutana hao watu wanafanya nini?

Swali la haki kabisa. Nikasema wanapigiana klarineti. Asubuhi mpaka usiku, karibu wiki. Kuna mashindano ya vijana, kuna wataalamu wanapiga na piano, watengenezaji wanakuja na meza zao unajaribu ala mpya bila kununua, unajaribu midomo, yaani vile vipande vya kupulizia, unajaribu ridi, kale kakipande kembamba ka tete kanakobanwa mdomoni ili itoe sauti, na kuna kwaya za klarineti tupu, watu kwa makumi, kuanzia ile ndogo inayolia juu kabisa mpaka ile kubwa ya besi inayosimama chini kwa mguu wake wa chuma.

"Klarineti tupu."

"Ndiyo."

"Bila ngoma?"

"Bila ngoma, shangazi."

Akaguna ile ya "mmh" ndefu.

Mzee wa reli ndiye aliyeniokoa, yule aliyestaafu ugadi wa treni, maana kwake neno Ubelgiji lilikuwa limegonga mahali pengine kabisa. Akasema nyie watoto hamjui kitu, hao Wabelgiji walishafika hapa. Septemba 1916, vita ya Mjerumani, jeshi lao likatokea Kongo likashuka mpaka hapa, likaichukua Tabora, na jenerali wao Tombeur akaja kupewa ubaroni huko kwao, Tombeur de Tabora, jina la mji wetu limekaa kwenye jina lake. Mimi nikaongezea nilichokuwa nimekikuta wakati natafuta ramani, kwamba Brussels katikati kuna mtaa unaitwa Rue de Tabora. Hapo kikao kikabadilika sura. Kumbe tuna mtaa! Mwenyekiti akasema iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba mjumbe akifika Brussels, kabla hajapanda treni ya kwenda Ostend, apite apige picha mtaani kwetu. Ikapita bila kupingwa. Mjomba aliyekuwa amekuja na dagaa zake kutoka Ujiji akadai basi na Kigoma itajwe, maana Wabelgiji walikaa pale bandarini baada ya vita miaka na miaka, akaambiwa Kigoma iunde kamati yake.

Tungemaliza vizuri kabisa kama si kijana wa misitu.

Kijana mpole, alikaa nyuma na soda yake, akanyoosha kidole kama yuko darasani. Akauliza hiyo klarineti ni ya mti gani. Nikasema mpingo. Akasema anajua, alitaka tu niseme mwenyewe. Halafu akatueleza taratibu kabisa kwamba toka Januari 2017 mpingo na ndugu zake wote wa jamii ya Dalbergia wameingizwa kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa dunia wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama, kwa hiyo usafirishaji wake kuvuka mipaka una masharti. Yaani hapo ndipo nilipoona jinsi kamati inavyopoteza rangi. Mpingo! Wengi walikuwa hawajui hata kama ile ala ni mti, walidhani plastiki ya bei mbaya. Mjomba wa Ujiji akaiomba, akaishika, akaigonga kwa kucha, akasema kweli huu ndio ule mti usioelea, ukiutupa ziwani unazama. Kukawa na mjadala hapo, mpingo umetoka Lindi au Kilwa huko kusini, ukaenda Ufaransa kutobolewa, ukarudi Tabora, sasa unataka kwenda tena, shangazi akasema huo mti umetembea kuliko ukoo wetu wote.

Mimi nilikuwa nimesoma. Nikamwambia kijana, mdogo wangu ni kweli usemayo lakini kuna kifungu, kama siyo biashara na mzigo wote hauzidi kilo kumi hauhitaji kibali. Akasema ni kweli, kilo kumi, na akatabasamu, nadhani alikuwa anajua toka mwanzo. Ila kikao kilikuwa kimeshashtuka. Mzee wa reli akauliza, ina kilo ngapi? Nikasema haifiki hata moja. Akasema una uhakika? Mimi nimefanya kazi reli, kila abiria alikuwa ananiambia mzigo wake haufiki.

Basi. Kamati nzima ikanyanyuka, ikavuka barabara, ikaenda dukani kwa mama muuza sukari.

Picha hii haijafutika. Jua limelala upande wa stesheni, vumbi jekundu, watoto wameacha mpira wamekuja, na yule mama hakuuliza swali hata moja, akapangusa sahani ya mizani kwa kanga, akatandika gazeti maana chembe za sukari zilikuwa zimeganda, akasema leta. Nikaifungua klarineti. Nikaweka kimoja kimoja, mwili wa juu, mwili wa chini, kale kapipa, kengele, na mdomo. Upande wa pili akaweka jiwe la kilo. Sahani ya jiwe ikashuka ikagonga chini, klarineti ikabaki juu inayumba.

Ungedhani imeshatosha. Kijana wa misitu akasema mdomo utoe, huo ni ebonaiti, mpira mgumu, siyo mpingo, tupime mpingo. Nikautoa. Mjomba akasema na hivyo vyuma je, navyo siyo mpingo. Katibu akasema vyuma haviwezi kutolewa, vikitolewa nani atavirudishia? Wakabishana pale juu ya vyuma, kweli kabisa, watu wazima, mmoja akapendekeza tukadirie robo. Mama akawa anabadilisha mawe, nusu, robo, nusu na robo, sahani zikawa zinapanda na kushuka mpaka zikakaribia kulingana, akainama, akafunga jicho moja, akatangaza: "Robo tatu. Na kitu kidogo."

Watu wakapiga makofi. Naapa. Mwenyekiti akamshika mkono kijana wa misitu kama wametia saini mkataba.

Ndipo mama wa duka akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Akasema, sasa mmenijazia watu dukani, hicho kitu kinalia au ni cha kupimwa tu?

Ridi ilikuwa kavu. Mnaoijua Tabora ya kiangazi mnajua, midomo ya watu inapasuka, ubao unapasuka, ridi inajikunja kwa ukavu. Nikailamba, nikaibana, nikapuliza, ikatoa ule mlio wa kuku aliyekanyagwa, watoto wakaanguka kwa kucheka. Nikailamba tena. Mzee wa reli akasema piga kitu cha Nyanyembe Jazz, bendi yetu ya zamani. Mwingine akasema hapana, Tabora Jazz, wakaanza tena ligi yao ya ujanani, mimi nikaanza tu, wimbo wa Nyanyembe, sauti ya gitaa nikaileta chini kabisa kwenye zile noti nene za klarineti ambazo mzee wangu alikuwa akisema ndizo zinazoonyesha mpigaji ni nani. Shangazi hakucheza, ila nilimwona mguu. Mama wa duka akahudumia mteja sukari nusu katikati ya wimbo, kwa gazeti lilelile.

Nilipomaliza hakuna aliyesema maneno makubwa. Shangazi akasema, "Kumbe hata bila ngoma." Akatoa elfu kumi pale pale, akamkabidhi mweka hazina, akasema ameongeza.

Yaliyofuata ni mafupi. Pasipoti nikapata. Ahadi zilikuwa nyingi kuliko fedha, mwaka ule wakulima wengi wa tumbaku walikuwa hawajalipwa na waliokuwa wameahidi sana ni wao, tiketi ikapanda, Juni ikaingia tuko nusu na kidogo. Mwenyekiti akaitisha kikao, kifupi, akaniangalia mimi, nikasema tusimamishe. Mweka hazina akataka kurudisha michango akagoma karibu kila mtu, hela ya mchango inarudishwaje, wachache walichukua na wakachukua usiku. Iliyobaki ikanunua pedi na koki za klarineti na boksi la ridi, klarineti mbili za bendi zilizokuwa zimelala stoo zikaamka, na moja kati ya hizo ndiyo wanayojifunzia vijana sasa hivi. Mambo ya Ostend nikayaangalia kwa vipande kwenye simu, bando likiisha naacha. Mwaka uliofuata, 2019, kule Geneva wakalegeza ule mkataba wa CITES kwa ala za muziki zilizokamilika, kijana wa misitu akanitumia ujumbe: "Bro upo huru." Na jina la Mbelgiji likawa limeshakaa.

Huwa najiuliza kama nilitaka kweli kwenda. Siku nyingine nasema ndiyo, sana, na inaniuma mpaka leo ninapoona picha za zile meza zilizojaa midomo ya kujaribu. Siku nyingine nafikiri kule Ostend ningekuwa mmoja kati ya mamia, nakaa nyuma, nasikiliza. Sijui. Mke wangu anasema ningeenda nisingerudi, mimi namwambia ningerudi, na ubishi huo hauna mwamuzi.

2024 mkutano wa klarineti ukapangwa Dublin. Nikaangalia nauli, kuangalia tu, halafu mkono wenyewe ukampigia mweka hazina. Hata shikamoo yangu hakuipokea vizuri. Akasema, "Kama ni habari za Wabelgiji, mimi nimeshastaafu."

Nikamwambia, mama yangu mweka hazina, safari hii siyo Wabelgiji, ni Ayalandi.

Akakata simu. Baada ya kama dakika tano hivi ikaingia meseji yake: "Viza yao ni bei gani?"