Fotoni Kumi na Nne

Majira ya baridi ya mwaka 2018, nikiwa mwanafunzi wa uzamili nchini Uingereza, nilikabidhiwa nukta moja iliyofifia katika picha ya eksirei ya darubini ya Chandra. Picha hiyo iliunganishwa kutokana na sekunde milioni 7 za kutazama, yaani takriban siku 81 zilizokusanywa kidogo kidogo tangu 1999 hadi 2016, zote zikielekezwa kwenye kipande cha anga la kusini ambacho mwezi mpevu ungekifunika chote. Ndani yake wataalamu walikwisha kuorodhesha vyanzo zaidi ya 1,000, vingi vikiwa mashimo meusi makubwa mno yaliyo katika vitovu vya galaksi za mbali.

Nukta yangu ilikuwa na fotoni, yaani chembe za mwanga, 14 tu, nami nilitakiwa kutafuta galaksi yake. Nilipoilaza picha ile juu ya picha ya mwanga wa kawaida ya darubini ya Hubble, niliona galaksi ya buluu iliyong'aa pembeni kidogo, nikaiandika bila kusita.

Msimamizi wangu, mama wa makamo asiyependa haraka, hakunikaripia. Aliniomba nimsomee nishati ya kila fotoni, na karibu zote zilipita elektronivolti (kipimo cha nishati) 2,000.

"Na zile dhaifu ziko wapi?" akauliza.

Nikanyamaza. Nilijua, kwa kusoma vitabuni, kwamba shimo jeusi lenyewe halitoi mwanga, na kwamba eksirei hutoka kwenye gesi yenye joto kali inayolizunguka kabla ya kumezwa. Nilichosahau ni kwamba pazia nene la gesi na vumbi huzizuia eksirei dhaifu pamoja na mwanga wa kawaida, huku zenye nguvu zikipenya. Galaksi ya namna hiyo huenda isingeng'aa buluu. Tulifungua picha ya mionzi ya infraredi, inayopenya vumbi, na pale pale chini ya nukta palikuwa na doa ambalo Hubble haikulionyesha kabisa. Ile ya buluu ilikuwa mbali karibu sekunde 2 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3,600 ya digrii), ilhali katikati ya picha Chandra hubainisha mahali kwa usahihi wa nusu sekunde hivi. Kosa hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana kipimo nilikuwa nacho mkononi.

Nilifuta mstari wangu, nikaandika mahali pa lile doa angani, na safu ya umbali nikaiacha wazi.

Usiku mama yangu mzazi alipiga simu kutoka Tanga, akataka kujua nilishinda nikifanya nini. Nilimwambia nilikuwa nahesabu hadi kumi na nne.

"Zimetimia, mwanangu?" akauliza.